Mlio wa Gitaa la Solo

Kila ninapokutana na vijana wanaojifunza gitaa, swali huwa lile lile: ninunue gitaa gani ili lilie kama la Mbaraka Mwinshehe? Mwingine atamtaja Nguza Viking, mwingine Franco, mwingine atasema anataka ule mlio wa bendi ya Les Wanyika. Majina hubadilika, lakini ndani ya swali mna imani moja, kwamba mlio umefungiwa ndani ya gitaa tangu kiwandani, na mwenye fedha za kutosha ataondoka nao dukani.

Imani hiyo naipinga, na ushahidi wangu wa kwanza ni historia ya muziki wetu wa dansi. Katika Tanzania ya miaka ya 1960, 70 na 80, bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana watu wakaiita DDC, kwa kifupi cha Kiingereza cha shirika hilo. Majeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akihama, na walihama kwelikweli, aliacha gitaa, aliacha amplifaya, aliacha hata waya, akatoka na mikono yake. Mpiga gitaa Abel Balthazar alitoka bendi ya Dar International akaingia Mlimani Park, kisha akaja Safari Sound. Kila alipoingia alikuta vyombo vya wenyewe. Na waulizeni mashabiki wa enzi hizo: mpiga solo wao walimtambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kama mlio ungekuwa mali ya gitaa, wangemtambuaje?

Basi tuufuate mlio huo tangu unapozaliwa mpaka unapomfikia mchezaji aliye katikati ya ukumbi. Kama una gitaa karibu, hata lile la kawaida lisilo na umeme, lichukue ujaribu pamoja nami.

Piga uzi mmoja juu ya shimo, mahali unapopiga siku zote. Sasa upige uzi uo huo karibu kabisa na daraja, kule nyuzi zinakofungwa. Sauti imekuwa kali, nyembamba, inachoma. Sasa sogea upige katikati kabisa ya uzi. Imekuwa laini, imejaa, ina uwazi fulani kama wa filimbi. Noti ni ile ile, gitaa ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali pa kidole tu.

Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kila mgawanyo hutoa sauti yake iliyo juu zaidi. Uzi wa tano, wa A, ukiachwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Ndani ya sauti hiyo mna nyingine ya 220, ya 330, ya 440, zikipanda hivyo mpaka sikio linapochoka. Sikio huziunganisha zote likatuambia: hii ni A. Lakini uwiano wa sauti hizo ndio unaofanya A moja iwe kali na nyingine iwe laini. Ukipiga uzi katikati, ule mgawanyo wa nusu mbili unakosa nafasi, kwa kuwa pale katikati ndipo unapotakiwa kutulia. Ukipiga karibu na daraja, zile sauti za juu zote zinapata sehemu yao, na sauti kuu inakuwa nyonge. Mkono wa kulia ukisogea sentimita tano, umebadilisha mlio kuliko utakavyoubadilisha kwa kununua gitaa la pili.

Halafu kuna kinachopiga. Nyama ya kidole hutoa mwanzo wa sauti ulio mviringo. Ukucha unang'aa zaidi. Kile kipande cha plastiki tunachokiita piki kinang'aa kuliko ukucha, na kikiwa kigumu kinang'aa zaidi.

Hapa inabidi nimtaje Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga gitaa la kawaida lisilo na umeme na kuimba kwa Kiswahili. Alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, gumba likishika besi, shahada ikicheza juu. Mtindo huo wa vidole viwili ulisambaa Kongo nzima na Afrika Mashariki, na gitaa la umeme lilipokuja, wengine waliuingiza humo. Franco Luambo alikuwa mmoja wao. Alipiga kwa gumba na shahada, mara nyingi akibana nyuzi mbili na kuziachia kwa pamoja. Sikilizeni tofauti yake na ya mtu anayepitisha piki. Piki hupita uzi wa kwanza, halafu wa pili. Hata iwe na mbio namna gani, sauti moja hutangulia. Vidole viwili huachia nyuzi zote mbili kwa wakati mmoja, na sauti mbili zinazaliwa pacha. Ule mlio wa Franco ulio mzito, uliosimama kama mtu anayezungumza kwa msisitizo, kwa kiasi kikubwa umetoka hapo. Hakuna duka linalouza kitu hicho.

Sasa tuingie kwenye umeme. Chini ya nyuzi kuna vile vipande tunavyoviita pikapu. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara kuwa koili. Katika magitaa ya zamani ya Stratocaster ni mizunguko kama 8,000. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, huutikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzalisha umeme kidogo sana ndani ya waya. Ni kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Funga uzi wa nailoni kwenye gitaa hilo uone: pikapu haitasikia kitu, hata uupige kwa nguvu zako zote. Haisikilizi hewa, haisikilizi mbao. Inasikiliza chuma kinachocheza.

Na inakisikiliza mahali ilipo tu. Pikapu iliyo karibu na shingo husikia uzi pale unapocheza kwa upana, kwa hiyo sauti yake ni nene na ya duara. Iliyo karibu na daraja husikia uzi unapocheza kwa ufinyu, na hapo sauti za juu zina nguvu kuliko ile kuu. Wapigaji wengi wa solo katika muziki wa dansi hupenda kuishi huko kwenye daraja, na mimi nadhani ninajua kwa nini hawaumizi masikio yetu. Wao hupiga juu sana ya shingo. Uzi wa Stratocaster una urefu wa karibu sentimita 65. Pikapu ya daraja iko kama sentimita 4 kutoka mwisho wa uzi, yaani sehemu moja ya 16 ya urefu wake. Lakini bonyeza uzi kwenye freti ya 12, urefu unaotetemeka unabaki nusu, na pikapu ile ile, bila kusogea, sasa iko kwenye sehemu moja ya 8. Kwa uzi huo mfupi ni kana kwamba pikapu imesogea kuelekea shingoni. Noti imepanda juu, lakini imepata unene. Ndiyo maana ukali ambao ungetukera kwenye noti za chini, huko juu unageuka kuwa utamu.

Pikapu za koili moja zina ugonjwa wake: hunasa umeme wa nyumba. Ule mvumo unaousikia amplifaya ikiwashwa kabla mtu hajagusa uzi ni umeme wa mitetemo 50 kwa sekunde unaotembea ndani ya kuta. Mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, Seth Lover, alitafuta dawa yake mwaka 1955. Aliweka koili mbili, akazipanga zipingane, ili mvumo wa moja uufute wa nyingine huku sauti za nyuzi zikijumlishana. Mvumo ukaisha. Lakini koili mbili husikiliza uzi mahali pawili kwa wakati mmoja, na sauti kadhaa za juu hupotea katika hesabu hiyo. Mlio wake ni mnene na una kiza kidogo. Ni tiba nzuri, ila ina bei yake, na kwa solo ya dansi mimi bado nachagua koili moja na mvumo wake.

Na mbao je? Najua wapo wanaoningojea hapa. Mahogani, mninga, mkangazi, mbao zilizokaushwa miaka mingi. Katika gitaa la kawaida mbao ni kila kitu, kwa sababu kifuniko cha mbao ndicho kinachosukuma hewa. Katika gitaa la umeme lenye mwili usio na tundu, mbao ina kazi ya kuzishikilia nyuzi zisilegee. Gitaa la umeme la kwanza la Rickenbacker, mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilimiminwa kwa aluminiamu, likapewa jina la kikaango kwa umbo lake, na lililia vizuri. Miaka michache baadaye mpiga gitaa Les Paul alichukua gogo la mraba, akafunga shingo, nyuzi na pikapu. Likalia. Watazamaji lakini hawakulipenda gogo. Akachukua gitaa la kawaida, akalipasua katikati, akabandika nusu zake huku na huku ya gogo lile. Kwa sauti, mabawa yale hayakuongeza kitu cha maana. Yalikuwa ya macho. Sisemi mbao haina athari hata kidogo. Mwili uliolegea au shingo isiyoshikamana sawasawa itaunyonya mtetemo na noti itakufa mapema. Lakini kijana anayeuza ng'ombe anunue gitaa kwa sababu ya jina la mti, nitamzuia.

Nyuzi zenyewe ni jambo kubwa kuliko mti, na ni rahisi. Uzi mpya unang'aa. Baada ya wiki kadhaa za jasho la vidole, sauti za juu zinakufa moja moja, na kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa huziharakisha. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Na waya unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya nao hula sauti za juu. Kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyokula zaidi. Tumia wa mita tatu kama tatu zinakutosha.

Tumefika kwenye amplifaya, na hapa redio inahusika moja kwa moja. Leo Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa na maamplifaya duniani kote, alikuwa fundi redio. Alifungua karakana yake mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hakujua kupiga gitaa hata siku moja ya maisha yake. Amplifaya zake za mwanzo zilijengwa kwa vali zile zile zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za mezani. Fundi wetu yeyote wa zamani aliyetengeneza redio za vali angeifungua amplifaya ya aina hiyo na kuielewa.

Vali ina tabia yake. Ukiilisha umeme kidogo, huukuza jinsi ulivyo. Ukiilisha mwingi kupita uwezo wake, haikatai ghafla. Hubana vilele vya sauti taratibu, ikaongeza sauti mpya ambazo uzi haukuzitoa, na mlio unakuwa na mkwaruzo. Wazungu waliupenda mkwaruzo huo mpaka wakautafuta kwa njia za ajabu. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks, huko London, aliichana spika yake kwa wembe ili ikwaruze, na wimbo uliotokana nayo ukashika namba moja Uingereza.

Muziki wetu ulikwenda njia nyingine, na nataka nieleze sababu, maana wapo wanaodhani ni kwa kukosa vifaa. Mkwaruzo unafaa kwa noti moja, au kwa noti mbili zenye uhusiano rahisi sana. Mpiga solo wa dansi anatembea kwa noti mbili mbili zinazoachana kwa tatu na kwa sita, kama waimbaji wawili wanaoimba pamoja. Ukizipitisha noti hizo kwenye amplifaya inayokwaruza, hazibaki mbili. Amplifaya huzijumlisha na kuzitoa, ikazaa ya tatu na ya nne zisizokuwamo katika ufunguo wa wimbo, na yale mazungumzo mazuri ya nyuzi mbili yanageuka kelele. Sauti safi ndiyo inayoruhusu muziki huo uwepo. Waliomsikia mpiga solo wa Kongo, Docteur Nico, na bendi ya African Fiesta wanajua jinsi kila noti yake ilivyosimama peke yake, ina mwanzo na ina mwisho, hata alipokwenda mbio.

Juu ya usafi huo huongezwa mwangwi kidogo. Fender alianza kuweka springi za mwangwi ndani ya amplifaya mwaka 1963: umeme wa gitaa unapita kwenye springi ndefu, springi zinatikisika, na mtikisiko unarudi umechelewa. Kiasi kidogo huipa solo nafasi ya kupumua. Kikizidi, noti ya nyuma huikanyaga ya mbele.

Kisha spika, ambayo naiona ndiyo kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12, si spika ya kusikilizia muziki. Ikipita mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, huanguka ghafla, haitoi tena. Ni kasoro kwa mtu anayetaka kusikia kila kitu, lakini kwa gitaa ni baraka. Inafanya kazi ya chujio la chai: mikwaruzo ya kucha, mlio wa freti, ukali wote wa juu unabaki nyuma, kinachopita ni kile unachotaka kunywa. Siku hizi naona kwenye makanisa na kwenye hoteli wapigaji wakichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi. Spika za ukumbi zinafika mpaka mitetemo 15,000 na zaidi. Chujio halipo. Gitaa linalia kama mtu anayekwaruza bati, na mpigaji anadhani gitaa lake ni baya, anaanza kutafuta jingine. Ndugu yangu, mwombe fundi mitambo apunguze kila kilicho juu ya 5,000 katika mkondo wako. Haitagharimu shilingi. Na kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, acha gitaa la bei kubwa. Nunua amplifaya ndogo yenye spika nzuri na uweke kipaza sauti mbele yake.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kifaa kitakachokufanyia. Sauti ya solo ya dansi ukiitoa peke yake, bila bendi, utaiona nyembamba. Kijana hupanga sauti yake chumbani, peke yake, akaongeza besi na unene mpaka moyo wake ukaridhika. Akifika kwenye mazoezi, hasikiki. Kule chini alikojaza pana wenyewe. Gitaa la besi linaanza kwenye mitetemo 41 kwa sekunde, ngoma ziko huko huko, na gitaa la rhythm limekaa katikati pamoja na sauti za waimbaji. Solo imebakiziwa juu, na bahati njema huko ndiko sikio la binadamu lilipo jepesi kuliko mahali pengine popote, kati ya mitetemo 2,000 na 5,000. Sikilizeni Les Wanyika: solo, rhythm na besi, kila gitaa limeacha nafasi ambayo jingine linaingia. Rhythm ya Omari Shabani isingekuwa vile kama solo ingetaka unene wake. Wembamba tunaousikia ni adabu ya kupiga na wenzako, na ni sehemu ya mlio huo sawasawa na sumaku na nyuzi.

Mwisho ni ukumbi. Sauti za juu hutoka kwenye spika kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi, na amplifaya nyingi zimewekwa sakafuni. Mpigaji amesimama karibu nayo, spika inapiga magoti yake, yeye juu hasikii ukali wowote, anaongeza trebo. Aliyekaa meza ya mbele anaziba masikio. Iweke amplifaya juu ya kiti, au uiegemeze nyuma kidogo, spika ikutazame usoni, ndipo upange sauti. Na usiipange mara moja ukamaliza. Saa mbili usiku ukumbi ni mtupu, sauti inagonga kuta na kurudi, kila kitu kinang'aa. Saa tano watu wamejaa, wamesimama kuanzia jukwaani mpaka mlangoni, na miili na nguo zao zinanyonya zile sauti za juu kuliko zinavyonyonya besi. Solo iliyokuwa kali saa mbili, sasa iko chini ya maji. Kabla ya wimbo wa kwanza baada ya mapumziko, mtume mwenzako aende akasimame nyuma kabisa, karibu na mlango, wewe piga noti mbili tatu za juu, naye akuonyeshe kwa mkono kama zinamfikia.